Virusi Viwili kwenye Jani Moja la Mahindi

Hapa Borabu, kaunti ya Nyamira, mpaka wetu na Bomet ni suala la kuvuka barabara. Kwa hiyo Septemba 2011, mahindi ya Longisa, huko Bomet, yalipoanza kufa kwa ugonjwa mgeni, wakulima wetu hawakuwa na sababu ya kulala. Ugonjwa ukaja kwetu. Majani yalitoka mabaka ya njano kuanzia chini, yakakauka toka ukingoni kwenda ndani, kisha moyo wa mche ukafa. Ukimenya hindi, unakuta punje chache zilizosinyaa. Wapo waliolaumu mbolea, wapo waliolaumu mbegu. "Mwalimu, huu ni ugonjwa gani?" mama mmoja aliniuliza, kwa kuwa nafundisha baiolojia.

Shida ya kumjibu ni kwamba vipimo vya kawaida vya maabara humwuliza mgonjwa swali moja: je, una kirusi fulani? Usipomtaja mhalifu, hujibiwi. Usomaji wa jenetiki hauhitaji jina. Kilichomo kwenye sampuli husomwa chote vipande vipande, kompyuta ikaviunga kama barua iliyoraruliwa, kisha ikalinganisha na jenomu zinazojulikana.

Wanaochunguza bahari wanaijua vizuri njia hii. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, watafiti wa San Diego, Marekani, waliteka maji ya pwani, wakayachuja bakteria wakabaki kwenye chujio na virusi vikapita, ndipo wakasoma DNA ya virusi hivyo. Zaidi ya asilimia 65 ya walichosoma haikufanana na chochote kilichokuwa kimerekodiwa. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wake ulipo: mashine haidai kujua kabla ya kusoma.

Kwenye mahindi yetu, vipimo vya awali vilikuwa vimeshaelekeza kidole kwa virusi. Majani ya Bomet na Naivasha yaliposomwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, virusi viwili vilionekana wazi: MCMV, ambacho hueneza mabaka kwenye mahindi, na SCMV, cha jamii inayosumbua pia miwa. Cha kwanza kilifanana zaidi na cha Yunnan, Uchina. Kila kimoja peke yake huharibu kiasi. Vikikutana kwenye mche mmoja, huua. Na wabebaji ni tofauti: vidukari hubeba SCMV, thripsi na mbawakawa hubeba MCMV, ambacho pia huweza kujificha kwenye mbegu.

Ndiyo maana kunyunyizia dawa peke yake hakutoshi. Mkulima mwenzangu, usipande mahindi msimu baada ya msimu kwenye shamba lile lile. Weka viazi, maharagwe au vitunguu, maana virusi hivi vinategemea mahindi na nyasi za jamii yake. Mche ukianza mabaka, ung'oe mapema. Ulio mbichi mpe ng'ombe, lakini hindi lililooza usile wala usilishe mifugo. Na mbegu nunua iliyothibitishwa, si ya kuazima kwa jirani.