Supasimetria Mbele ya Ushahidi

Tangu Julius Wess na Bruno Zumino walipochapisha kazi yao mwaka 1974, supasimetria imekuwa miongoni mwa nadharia zinazopendwa zaidi na wanafizikia. Inadai kwamba kila aina ya chembe tunayoijua ina pacha ambaye bado hajaonekana. Pacha mmojawapo, nyutralino, hana chaji, na katika mifano mingi havunjiki kuwa chembe nyingine. Huenda ndiye maada ya giza, ambayo ni takriban asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni.

Hata hivyo, uzuri wa hesabu si ushahidi. Mfano wowote wa supasimetria hauna budi kufaulu mitihani mitatu kwa pamoja. Wa kwanza unatoka angani: satelaiti ya Planck ilipima kiasi cha maada ya giza kwa usahihi wa karibu asilimia 1, na mfano unaozalisha nyutralino kupita kiasi hicho hufutwa. Wa pili uko karibu na Geneva, kwenye mtambo wa LHC wenye mzingo wa kilomita 27. Chembe ya Higgs iliyogunduliwa huko mwaka 2012 ina tungamo la gigaelektronivolti 125, na hesabu inaifikia namba hiyo pale tu baadhi ya mapacha wanapokuwa wazito sana. Wa tatu uko Dakota Kusini, Marekani, kilomita 1.5 chini ya ardhi, ambako tani 7 za zenoni kimiminika zinasubiri kugongwa na maada ya giza. Mpaka sasa hakuna mgongano uliothibitishwa.

Ugumu uko katika kuioanisha mitihani hii mitatu. Ukiwafanya mapacha wawe wazito ili wasionekane Geneva, mara nyingi nyutralino huzidi kipimo cha Planck. Ndiyo maana mfano sahili, wenye vigezo vinne na alama moja ya chanya au hasi, umebakiwa na nafasi finyu. Mifano yenye vigezo zaidi ya 100 bado inaponyoka, lakini nadharia inayokubaliana na kila matokeo haitabiri lolote.

Supasimetria haijafa, ila haistahili tena kupewa imani ya bure. Wanaoitetea waseme mapema, kwa namba, ni matokeo gani yatakayowafanya waiache.