Mtandao umerudi, mbona meseji bado inazunguka?

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita 60 hivi za lami, lakini ukiwa na simu mkononi utaona mtandao unakuja na kukatika karibu njia nzima. Barabara inaachana na ile ya Mbeya na reli ya TAZARA, inapanda hadi mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ikipita mabonde, chai na misitu ya kupandwa. Abiria hulaumu mvua na ukungu. Wanavionea. Kwa masafa ya simu zetu mvua hupunguza mawimbi kidogo sana. Inayoumia ni mitambo ya maikrowevu inayounganisha mnara na mnara, hasa ya zaidi ya gigahezi 10. Simu ya mfukoni inakwazwa zaidi na kilima kilichoukinga mnara, na miti iliyolowa.

Mawimbi yakidhoofika, biti hugeuka: sifuri inasomwa moja. Dawa ya kwanza ni kutuma ziada ya kuhakiki. Chukua daftari la mnunuzi wa viazi pale Makambako. Kila mstari ni siku, kila safu ni kijiji, na jumla zimeandikwa pembeni na chini. Namba moja ikikosewa, jumla ya mstari mmoja inagoma, na ya safu moja inagoma. Vinapokatana ndipo penye kosa, na tofauti inasema namba sahihi ilikuwa ngapi, bila kumpigia mtu simu. Kanuni ya namna hii ndiyo aliyoichapisha Richard Hamming wa Bell Labs mwaka 1950. Ila jumla hizo nazo zinakula nafasi, na namba nyingi zikiharibika pamoja hazifui dafu.

Dawa ya pili ni kutuma upya. Katika 4G kila fungu la data hubeba biti 24 za ukaguzi. Hesabu isipolingana, simu inaomba fungu lile tena. Mfumo wa ALOHAnet wa Hawaii, ulioanza kazi mwaka 1971, ulifanya hivyo katika hali yake ya awali kabisa: usipopata jibu, subiri kidogo, tuma tena.

Uboreshaji mkubwa ulikuja pale dawa hizi mbili zilipochanganywa. Zamani fungu lililoharibika lilitupwa. Simu ya 4G hailitupi. Inalihifadhi pamoja na kiwango cha uhakika wa kila biti: hii ni moja bila shaka, ile labda ni sifuri. Nakala ya pili ikifika, uhakika unajumlishwa, na nakala mbili mbovu zinaweza kuzaa moja nzima. Bora zaidi, mnara haulazimiki kurudia yaleyale. Unaweza kutuma biti mpya za kuhakiki zilizokuwa zimebanwa mwanzoni. Mzunguko wote huchukua milisekunde 8 hivi. Tena mitandao huchagua kasi kwa makusudi ili takriban fungu 1 kati ya 10 likosewe kwenye jaribio la kwanza, kwa sababu mnara usiokosea kabisa ni mnara unaotuma polepole kuliko uwezo wake. 5G imeongeza misimbo imara zaidi iliyobuniwa na Robert Gallager mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikakaa kabatini miongo kadhaa kwa kuwa kompyuta za wakati ule hazikuimudu.

Basi kwa nini meseji inazunguka? Juu ya redio kuna TCP, itifaki inayosimamia mazungumzo ya programu na seva. Tangu kazi ya Van Jacobson ya mwaka 1988, TCP huhesabu pakiti iliyopotea kuwa dalili ya msongamano, hivyo hupunguza mwendo. Kwenye waya dhana hiyo inafaa. Nyuma ya kilima inapotosha: njia haina foleni, imekatika tu. Tuseme saa yake ya kusubiri ni sekunde 1. Ikikosa jibu inatuma tena na kusubiri 2, kisha 4, kisha 8. Majaribio yanaangukia sekunde ya 1, ya 3, ya 7 na ya 15. Basi likitoka bondeni sekunde ya 8, vijiti vya mtandao vimejaa lakini programu itakaa kimya sekunde 7 nyingine. Ndiyo maana kuzima data na kuwasha mara nyingi husaidia: muunganisho mpya, saa mpya. BBR, mbinu iliyotangazwa na Google mwaka 2016, hupima kasi halisi ya njia badala ya kuogopa kila pakiti iliyopotea.

Palipo na hatari ni pale mtu mwenyewe anapotuma upya. Unalipa kwa simu, jibu linapotelea njiani, unabonyeza tena. Pakiti ya TCP ina namba ya mfuatano, kwa hiyo mpokeaji akiipata mara mbili anaitupa moja. Muamala ulioanzishwa upya kwa nyota na alama ya reli hauna namba hiyo. Mfumo unaweza kuuona ni malipo mengine. Angalia salio kwanza. Na wanaotengeneza programu za malipo waifanye simu itunge namba ya muamala kabla ya kutuma: ikibaki ileile hata mteja akibonyeza mara nne, seva italipa mara moja, na mara tatu zilizobaki itarudisha jibu lilelile.