Jembe la Mtafiti Lisiwe la Kukodi

Tumfikirie kijana wa Mlola, Wilaya ya Lushoto, ambaye wazee wake wameuza viazi na kabichi ili afike Chuo Kikuu. Mwaka wa mwisho hutakiwa kufanya utafiti: akusanye takwimu, azichambue, achore ramani, aorodheshe vitabu alivyovisoma. Huelekezwa kwenye programu za kompyuta ambazo leseni zake hulipiwa kwa fedha za kigeni. Hana fedha hizo. Basi hujipatia nakala ya wizi, na pengine virusi pamoja nayo.

Sisi twaona kwamba aibu hiyo si ya lazima. Zipo programu huria, ambazo kila mtu ameruhusiwa kuzitumia bila malipo, kuzichungua, kuzirekebisha na kuwagawia wenzake. Wazee wa Usambara hawatalistaajabia jambo hili, maana mifereji ya maji milimani waliichimba na kuitunza kwa pamoja. R, ya takwimu, ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na tangu 1995 hutolewa kwa leseni huria. QGIS, ya ramani, ilianza 2002. Zotero, ya kutunza marejeo, ilitoka Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006.

Wala si kazi ya wageni peke yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, iliyosema Kiswahili. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi walipita mitaa ya Dar es Salaam isumbuliwayo na mafuriko, wakaichora.

Milima ya Lushoto nayo ina maswali yake. Tangu 1980 hadi 2004 tauni iliwashika watu zaidi ya 7,000, na zaidi ya 600 wakafa. Kwa nini kijiji hiki kiugue, na cha jirani kisalimike? Watafiti walilitafutia jibu kwa ramani na takwimu. Kijana wa Mlola, azijuaye njia za huko kwa miguu yake, asizuiwe na bei ya leseni kuuliza swali kama hilo.

Hatusemi ni kazi nyepesi. R huandikiwa amri mstari kwa mstari, na majuma ya kwanza huchosha sana. Ndiyo sababu twavitaka vyuo vya umma vianze kuifundisha mwaka wa kwanza, na mtahini asiikatae kazi njema kwa kuwa tu haikufanywa kwa programu aliyoizoea yeye.