Mtoto anakumbuka ng'ombe wote, kwa nini asahau somo?

Katika vijiji vingi vya Tarime na Serengeti si ajabu kumkuta kijana wa miaka 11 anayelijua kundi zima la ng'ombe wa baba yake bila kuandika popote. Anajua huyu ni ndama wa yule, huyu alitoka kwenye mahari ya shangazi, yule alinunuliwa mnadani na nani alimuuza. Mmoja akikosekana jioni, anamtaja kabla zizi halijafungwa.

Kijana huyohuyo anarudi nyumbani na matokeo ya mtihani, ana alama 18 kwa 100. Baba anatikisa kichwa: "Mura, hiki kichwa chako ni kizito." Mama naye anasema mtoto hashiki kitu.

Maneno hayo si madogo. Katika baadhi ya kaya, hapo ndipo safari ya shule inapoishia. Wa kiume anaambiwa achunge, na wa kike anaanza kutafutiwa mume. Uamuzi wa maisha yote unafanywa kwa kuamini kwamba mtoto hana kumbukumbu, wakati ushahidi wa kumbukumbu yake umejaa zizini.

Fumbo hili limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 100. Ni sehemu ya masomo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya saikolojia duniani kote, na hata wanaosomea ualimu katika vyuo vikuu vyetu hulikuta katika somo la saikolojia ya elimu. Mzazi ambaye mtoto wake yuko chuoni na hajui anachosoma huko, haya ndiyo baadhi yake. Yanafaa pia kwa aliye na mtoto wa darasa la nne.

Mchungaji aliyempa profesa funzo

Mwaka 1932 Frederic Bartlett, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitoa kitabu kuhusu kukumbuka ambacho wanafunzi wanakisoma hadi leo. Ndani yake anaeleza safari yake ya Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini.

Huko alimkuta mchungaji wa mlowezi mmoja. Mchungaji alitakiwa kutaja ng'ombe ambao tajiri wake alikuwa amenunua mwaka mmoja nyuma. Akawataja mmoja mmoja: alikotoka, rangi yake, alama zake na bei yake. Walipolinganisha na daftari la tajiri, yalionekana makosa mawili tu, tena madogo.

Wazungu wa huko waliamini kwamba watu wale walizaliwa na kumbukumbu ya ajabu. Bartlett hakuridhika. Alimjaribu mtoto wa hapo kwa kumpa ujumbe wa kawaida aupeleke kwa mtu mwingine, na akaona kwamba hakumzidi mtoto wa Uingereza wa umri wake. Siri haikuwa katika damu. Mchungaji alikumbuka ng'ombe kwa sababu ng'ombe ndio maisha yake. Kila taarifa mpya ilikuta mahali pa kukaa, kwa kuwa alikuwa tayari anajua mengi kuhusu ng'ombe.

Jaribio lake jingine lilionyesha upande wa pili. Aliwapa Waingereza wasome hadithi ya Wahindi Wekundu wa Marekani, kisha waieleze upya. Yaliyokuwa mageni kwao waliyaacha au waliyageuza yafanane na wanayoyajua. Mitumbwi, kwa mfano, iligeuka kuwa boti za kawaida. Hao walikuwa watu wazima wasomi. Walisahau kwa sababu walichosoma hakikuwa na pa kushika.

Lugha tatu, kichwa kimoja

Hapa ndipo mzazi wa Mara anapopaswa kutulia kidogo. Mtoto wengi wetu tunaomlea huzungumza Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kinata nyumbani. Akiingia shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Mtoto ambaye hajaelewa sentensi hana la kufanya ila kukariri sauti zake, kisha sauti hizo zinapotea.

Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, John Bransford na Marcia Johnson, waliwasomea watu maelezo ya kazi fulani kwa maneno yasiyotaja kazi yenyewe. Walioambiwa mapema kwamba maelezo yanahusu kufua nguo walikumbuka takribani mara mbili ya wale ambao hawakuambiwa. Walioambiwa baada ya kusikiliza hawakupata faida yoyote.

Kwa mzazi maana yake ni rahisi. Kabla mtoto hajafungua kitabu cha Biolojia cha Kiingereza, mwambie aeleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani somo linahusu nini. Kama ni mmeng'enyo wa chakula, azungumzie kwanza tumbo la mbuzi aliyewahi kuliona likipasuliwa. Dakika 5 za namna hiyo kabla ya kusoma zina faida kuliko kumlazimisha arudie ukurasa mara kumi.

Wazee wa Serengeti na kumbukumbu za mahali

Mkoa wa Mara wenyewe umo katika vitabu vya utafiti wa kumbukumbu. Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani, aliwahoji wazee wa Wanata, Waikoma, Waishenyi, Wangoreme na Watatoga katika miaka ya 1990. Kitabu chake kuhusu kumbukumbu za ardhi ya Serengeti kilitoka mwaka 2007.

Alichokiona ni kwamba historia ya wazee imeshikamana na mahali: kilima fulani, chemchemi, mahame ya kijiji cha zamani, mahali pa matambiko. Jina la mahali likitajwa, habari inafuata. Sehemu kubwa ya maeneo hayo leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, na katika mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Vijana wasiofika huko hawana tena kinachowakumbusha, na habari zinapungua kila mzee mmoja anapofariki.

Katika kitabu kingine cha mwaka 2019 mtafiti huyo anaonyesha kwamba wanawake wa Mara walitunza kumbukumbu za aina yao: nani aliolewa wapi, nani ni ndugu wa nani upande wa pili, ni mlango gani wa kubisha wakati wa njaa. Anayeuliza habari za vita na koo pekee hatazipata hizo. Mtu anaweza kuonekana hajui kitu, kumbe ameulizwa swali lisilo lake.

Watafiti wa saikolojia walikutana na jambo linalofanana na hilo jirani na sisi, huko Usenge, magharibi mwa Kenya. Robert Sternberg wa Marekani na wenzake, akiwemo profesa Mkenya Frederick Okatcha, waliwapima watoto 85 kuhusu dawa za miti shamba zinazotumika kijijini kwao. Matokeo yaliyotoka mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliojua zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya kishule. Walikuwa na uwezo wa kujifunza na kutunza mengi, ila walikuwa wameuelekeza kwingine.

Kusahau kuna kanuni zake

Mjerumani Hermann Ebbinghaus ndiye aliyeanza kupima kusahau kwa vipimo. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, kisha akajipima baada ya muda tofauti. Mwaka 1885 alitoa matokeo: kusahau kunakwenda kasi sana katika saa za mwanzo, halafu kunapunguza mwendo. Kwa hiyo mtoto anayesahau nusu ya somo ifikapo jioni si mgonjwa. Hata profesa alikuwa hivyo. Ebbinghaus aliona pia kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa kunazidi kurudia kwingi kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, na katika kusoma jambo hili limepimwa mara nyingi tangu wakati huo.

Jaribio jingine muhimu lilifanywa Marekani na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006. Wanafunzi wa chuo walisoma kifungu cha habari. Kundi moja likakisoma tena. Kundi la pili likafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, na waliojipima walikumbuka asilimia 56.

Hapa wazazi wengi hudanganyika. Mtoto anayesoma daftari usiku kucha kwa sauti anaonekana ana bidii, na mwenyewe anajiona ameiva. Anayefunga daftari na kuhangaika kukumbuka anaonekana hajui. Lakini kule kuhangaika ndiko kunakoimarisha kumbukumbu.

Afya nayo inahusika

Kabla ya kumwita mtoto mzito, mwangalie mwili wake. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2002 uligundua kwamba waliokuwa na maambukizi makali ya kichocho walifanya vibaya zaidi katika jaribio la kumbukumbu ya muda mfupi, na walikuwa wazito kuitikia, kuliko wenzao. Kichocho kipo Kanda ya Ziwa, hasa kwa wanaooga na kuchota maji ya ziwani, mitoni na mabwawani. Siku ya dawa za kichocho na minyoo shuleni mtoto asibaki nyumbani.

Usingizi nao una kazi yake. Ubongo huendelea kupanga na kuimarisha mambo ya mchana wakati mtu amelala. Mtoto anayeamka saa 10 usiku kukamua, kisha akatembea kilomita kadhaa hadi shuleni bila uji, anaingia darasani akiwa ameshachoka. Mgawanyo wa kazi za nyumbani uko mikononi mwa mzazi.

Hofu pia hufunga kinywa. Anayeulizwa swali huku fimbo ikiwa mezani anaweza kukosa jibu analolijua.

Jaribio la kufanya nyumbani

Wanafunzi wa saikolojia mwaka wa kwanza hufanya jaribio ambalo mzazi anaweza kulifanya jikoni. Andika maneno 15 ya kawaida: jembe, ndoo, mhindi, kengele na kadhalika. Mwambie mtoto kwamba ni mchezo, na kwamba akikataa si kosa. Msomee maneno hayo polepole, moja kila baada ya sekunde 2. Kisha aseme anayoyakumbuka kwa mpangilio wowote.

Mara nyingi atakumbuka zaidi ya mwanzo na ya mwisho, na ya katikati yatapotea. Mjaribu na baba: hali itakuwa hiyohiyo. Siku nyingine mwambie mtoto ayafunge maneno katika kisa kimoja, au ayaweke kichwani njiani kutoka nyumbani hadi kisimani: jembe mlangoni, ndoo chini ya mwembe, kengele kwenye daraja. Hesabu tena. Watoto wengi hushangaa wenyewe, na hiyo ndiyo njia ya wazee wa Serengeti, kumbukumbu kushikizwa mahali.

Kuanzia wiki hii

Mzazi ambaye hakusoma sana anaweza kusaidia vilevile, kwa kuwa hahitaji kujua jibu. Haya ndiyo ya kufanya:

Jioni, daftari likiwa limefungwa, muulize: "Leo mmefundishwa nini? Nieleze kama unavyomweleza bibi." Akikwama, asubiri kidogo kabla ya kufungua daftari.

Swali hilohilo lirudi baada ya siku 2, kisha baada ya wiki. Dakika 10 zinatosha.

Kinachoandikwa kwa Kiingereza akieleze kwanza kwa lugha anayoielewa, kisha arudi kwenye Kiingereza chake.

Hesabu zianzie kwenye anachokijua. Kundi la ng'ombe 40, majike 26, kila jike linatoa lita 2: kuna asilimia na kuzidisha humo.

Akiendelea kusahau mno, hata ya nyumbani, au akiwa hasikii au haoni ubaoni vizuri, apelekwe zahanati au hospitali ya wilaya. Mwalimu wa darasa naye aambiwe mapema, kabla ya mtihani.

Na kabla ya kuamua kwamba shule imemshinda, mpeleke zizini. Mwambie amtaje kila ng'ombe, mama yake na alikotoka. Hesabu aliowakumbuka, halafu mzazi na mwalimu wakae wazungumze ni vipi kichwa hicho hicho kitafundishwa.