Ukuta Mmoja na Mwenzako wa Zamu

Mtumishi wa afya anayepangiwa kazi katika kata kama Namswea, wilayani Mbinga, hana nyumba nyingi za kuchagua. Palipo na nyumba za watumishi atakaa humo, hatua chache kutoka zahanati, na jirani yake atakuwa muuguzi au tabibu anayeonana naye kutwa kazini. Pasipokuwa nazo, atapanga chumba kwa mkulima wa kahawa. Lipi ni jema kwake, na kwa wagonjwa wake?

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, yaani MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mapendekezo yake ya mwaka 2010 kuhusu kuwabakiza watumishi vijijini, lilitaja makazi bora. Hiyo si anasa. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki dunia ndani ya saa mbili. Kwenye miteremko ya Umatengo, mvua zikishanyesha na njia kuwa utelezi mtupu, mkunga anayelala kilomita tano kutoka zahanati ni kama hayupo.

Ipo faida nyingine isiyoonekana katika ramani ya jengo. Mkunga aliyefiwa na mzazi mikononi mwake hahitaji kumweleza jirani wa kada yake uzito wa usiku ule. Wataketi barazani, na huenda wasiseme neno.

Hata hivyo, ukaribu huo una gharama. Ugomvi wa zamu huvuka ua ukaingia jikoni. Mlango hugongwa usiku hata kwa asiye na zamu, naye aliyekesha jana huamka tena leo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliufafanua uchovu wa kupindukia utokanao na kazi, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, kuwa hali ya kikazi, wala si ugonjwa. Anayeishi na wenzake wa kazi hana pa kuupumzishia.

Baya zaidi ni siri za wagonjwa. Mazungumzo ya uani husikika na mchota maji, na mtoto wa jirani, na fundi wa paa. Mgonjwa akishahisi kwamba kipimo chake cha VVU kimekuwa gumzo la jioni, atafuata dawa mbali, au ataziacha kabisa.

Tena kuna upweke wa namna yake. Wamatengo walikuwa na sengu, baraza ambamo watu wa ukoo walikula pamoja na kuamua mambo yao. Mtumishi asiyetoka nje ya ua wa zahanati hatajua ni nani mwenye kauli katika ukoo pale mjamzito anapotakiwa kupelekwa hospitali ya Litembo.

Kwa hiyo nyumba za watumishi zijengwe, ila orodha ya zamu ibandikwe mlangoni mwa zahanati, ili mgonjwa wa usiku ajue mlango wa kugonga. Jina la mgonjwa lisitamkwe nje ya chumba cha matibabu. Na Jumapili, au siku ya mnada, mtumishi asiye na zamu aende akae na watu wasiomuuliza habari za sindano.