Shamba, Makao na Shule: Kazi ya Kipchoge Keino Eldoret

Wakfu wa mwanamichezo, yaani taasisi inayoanzishwa ili sehemu ya mali na jina lake itumike kwa manufaa ya umma, siku hizi aghalabu huanzia kwenye mkataba: nyota hutia saini na kampuni ya viatu au vinywaji, washauri wake hutenga fungu la misaada, na watoto wa shule hupata madawati, vitabu au karo. Kazi ya Kipchoge Keino wa Kenya haikupitia njia hiyo, na sababu kubwa ni zama alizokimbia.

Keino, mzaliwa wa Nandi aliyefiwa na wazazi akiwa mdogo na kulelewa na shangazi, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, kisha dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972. Olimpiki ya wakati huo ilikuwa ya wanamichezo wa ridhaa, yaani wasioruhusiwa kulipwa kwa kushindana, kwa hiyo bingwa aliyejulikana dunia nzima alikuwa mtumishi wa polisi. Mwaka 1973 alihamia mbio za kulipwa nchini Marekani, lakini chama kilichoziendesha kilivunjika miaka michache baadaye.

Kwa hiyo makao ya watoto aliyoyajenga na mkewe Phyllis karibu na Eldoret, ambako yatima na watoto waliotelekezwa walilelewa kama watoto wa nyumbani, yaliegemea ardhi kuliko hundi. Shamba lao liliitwa Kazi Mingi, jina ambalo mkulima yeyote atalielewa bila kufafanuliwa. Wafadhili wa nje walichangia pia, na mchango wao si wa kubezwa. Hata hivyo, mfadhili huweza kuahirisha ahadi yake hadi mwaka ujao, ilhali chakula cha jioni hakiahirishwi, na hapo ndipo shamba linapoonyesha thamani yake.

Malezi ndiyo yaliyotangulia darasa, na mpangilio huo unastahili kuzingatiwa na wanaoanzisha wakfu leo. Mtoto asiye na mlezi hakosi karo peke yake: hana wa kumshonea sare iliyochanika, wa kuhudhuria mkutano wa wazazi, wala wa kuuliza kwa nini Jumatatu hakuonekana darasani, na pengo hilo halizibwi na stakabadhi ya benki. Shule ya Msingi ya Kip Keino ilifunguliwa mwaka 1999, wakati ambapo karo ilikuwa bado ikiwazuia watoto wengi nchini, kwani serikali iliifuta katika shule za msingi za umma mwaka 2003. Shule ya sekondari ilifuata mwaka 2009.

Mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro, Keino alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Laureli ya Olimpiki, ambayo hutolewa kwa mchango katika elimu, utamaduni, maendeleo na amani kupitia michezo. Wakimbiaji wa kizazi cha Eliud Kipchoge, ambaye wakfu wake unashughulikia elimu na mazingira, wana fedha na wadhamini ambao Keino hakuwa nao, na wanaweza kujenga haraka wakiwa bado kileleni. Keino alifungua darasa lake la kwanza miaka 27 baada ya Munich.