Kompyuta Inaposema Ina Homa

Mgonjwa akipimwa na kipimajoto kikaonyesha nyuzi 45 za sentigredi, naye anazungumza na kucheka, muuguzi mwenye busara hukishuku kipimajoto kwanza. Busara hiyo yahitajika pia kwa mtumiaji wa kompyuta. Afungua programu ya kuchunguza hali ya mashine, akuta imeandikwa kwamba prosesa, yaani kiungo kinachofanya hesabu zote, ina nyuzi 80 ilhali mashine haina kazi yoyote. Au akuta nyuzi 15 katika chumba chenye nyuzi 30. Akiiamini tarakimu ya kwanza, shule yaweza kupoteza fedha kwa feni isiyohitajika. Akiiamini ya pili, vumbi laweza kuziba feni pasipo mtu kushtuka.

Joto hupimwaje?

Ndani ya silikoni ya prosesa mna vihisi vidogo vya joto. Kihisi cha kawaida hutumia tabia ya daiodi: mkondo wa umeme usipobadilika, volteji yake hupungua kwa kadiri ya milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 joto linapopanda. Volteji hiyo hugeuzwa kuwa namba. Programu huisoma namba, huifanyia hesabu, ndipo huandika joto kwenye kioo. Kwa hiyo tarakimu inayoonekana ni jibu la hesabu, na kosa laweza kuwa katika kihisi au katika hesabu yenyewe.

Mifano miwili

Prosesa za Intel za jamii ya Core 2, zilizotolewa mwaka 2006, hazikutaja joto lenyewe. Zilitaja ni nyuzi ngapi zimebaki kabla ya kufikia kikomo cha joto. Kikomo hicho kilipokuwa hakijatangazwa kwa prosesa za kompyuta za mezani, watunzi wa programu walilazimika kukikisia. Tuseme prosesa imetaja nyuzi 45. Anayekisia kikomo kuwa 100 atapata joto la nyuzi 55. Anayekisia 85 atapata 40. Kihisi ni kilekile, namba ni ileile, lakini majibu yanatofautiana kwa nyuzi 15. Mwaka 2008 Intel ilitangaza vikomo hivyo, na prosesa za Core i7 zilizotoka mwaka huohuo zilikuwa na mahali ambapo programu yaweza kukisoma kikomo chenyewe.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2017. Prosesa za AMD za Ryzen 7 1700X na 1800X zilitoa namba iliyozidi joto halisi kwa nyuzi 20. Jambo hilo lilikusudiwa, ili kanuni moja ya kuendesha feni ifae kwa prosesa zote za jamii hiyo. Programu isiyojua kutoa 20 iliandika 62 mahali pa 42, na mwenye mashine akaingiwa na hofu bure.

Kulitafuta kosa

Kwanza, pimeni joto la chumba. Prosesa inayopozwa kwa feni na hewa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipoza. Programu ikidai hivyo, imekosea.

Pili, ipeni mashine kazi nzito kwa dakika chache. Tarakimu ya kweli hupanda, kisha hushuka kazi inapokoma. Isiposogea hata kidogo, huenda kihisi kimekwama. Vihisi vingi vimerekebishwa viwe sahihi karibu na kikomo. Mbali na hapo, joto likiwa dogo, usahihi wake hupungua.

Tatu, linganisheni programu mbili, tena zilizo mpya kuliko prosesa. Programu ya zamani haijui kanuni za prosesa iliyozaliwa baada yake. Tofauti ya nyuzi chache isiwatie wasiwasi, kwani huenda kila programu inasoma kihisi kingine.

Nne, msiongeze wala kupunguza nyuzi katika programu kwa kubahatisha. Badilisheni tu pale maelezo ya mtengenezaji yanapoagiza hivyo.

Lakini mashine ikipunguza kasi au ikijizima yenyewe wakati wa kazi, lisipuuzwe onyo hilo hata kama kioo chaonyesha joto dogo. Prosesa za kisasa zina kinga iliyojengwa ndani yake, isiyongoja ruhusa ya programu. Hapo zimeni mashine, kisha kagueni feni na vumbi.

Zoezi la darasani

Wanafunzi waandike joto la prosesa kila baada ya nusu dakika, tangu mashine inapowashwa, inapofanya kazi nzito, hata inapopumzika, kisha wachore grafu. Programu ikiwa imekosea kikomo, mstari wote utakuwa umepanda au umeshuka, lakini umbo lake litabaki lilelile. Hapo wataona kwa macho yao kwamba kipimo chaweza kueleza vema mabadiliko huku kikikosea kiwango, na kwamba kabla ya kuiamini tarakimu yafaa kuuliza imehesabiwa kutoka wapi.